Kivuko Kinawasubiri

3 Machi

Mvua ya kwanza imeanguka leo, na papo hapo watu wa kivuko wamebandika tangazo kwenye geti lao: kwa sababu ya upepo wa jioni, chombo cha mwisho kitaondoka nusu saa mapema mpaka mvua zitakapokwisha. Treni yetu haikubandikiwa kitu. Itaendelea kuingia saa yake ya siku zote, yaani ikichelewa.

Nimenunua daftari kwa sababu kutwa nzima nasema maneno ya watu wengine, nami nataka mahali pa kusema yangu. Mimi ni mtangazaji wa stesheni. Nakaa katika chumba chenye dirisha linalotazama reli, mbele yangu kipaza sauti na karatasi iliyotiwa plastiki ambayo niliikuta hapa. Treni ya jioni ikisimama nasoma: "Abiria mnaoendelea ng'ambo, kaeni katika chumba cha kusubiri mpaka mtakapoitwa. Kivuko kinawasubiri."

Zamani, wanasema, kulikuwa na mfanyakazi wa Reli aliyewaita kweli. Alitangulia na bendera, abiria wakamfuata, na chombo hakikuondoka mpaka afike. Alistaafu, na hakuna aliyewekwa mahali pake. Karatasi tu ndiyo iliyobaki kazini.

5 Machi

Leo karibu behewa zima limeachwa na kivuko.

Mtu asiyeijua stesheni hii atadhani gati liko mbali. Liko pale, barabara moja tu katikati. Lakini treni ikishamaliza kushusha watu, injini hufunguliwa na kuvuka barabara hiyohiyo kwenda kugeuzwa, na kizuizi hushushwa. Basi abiria wanasimama mvuani na mizigo kichwani, wakiitazama injini iliyowaleta ikienda mbele na kurudi nyuma kama mtu aliyesahau funguo. Kizuizi kikiinuliwa, wanakimbia. Wakifika, geti limefungwa.

Anayelifunga ni mume wangu. Kazini wanamwita Bwana Geti. Mimi Reli, yeye Kivuko. Tunalala kitanda kimoja, na bado hatuunganishi.

9 Machi

Mvua. Hakuna jipya.

12 Machi

Nimegombana na Bwana Geti. Jioni kulikuwa na mzee mmoja aliyebeba godoro limelowa chapachapa. Nilimwona dirishani akivuka barabara kwa kujikongoja. Alifika getini mume wangu akivuta komeo. Mzee aliingiza mkono kati ya vyuma, sijui alitaka kumshika nani.

"Yule mzee ungempitisha," nilimwambia tulipokaa kula.

"Yeye na nani?"

"Yeye tu."

"Nyuma yake kulikuwa na treni nzima. Kila mmoja wao ni yeye tu."

"Una moyo wa kufuli."

Alimaliza chakula, akanawa, akaulizia shati lake la kesho kama limekauka. Mwanamume huyu ukimtukana anashiba. Nimelala nimempa mgongo.

16 Machi

Nimekwenda kwa mkuu wa stesheni kumwomba tubadilishe maneno ya karatasi. Mkuu ni mtu wa maneno matamu, hajawahi kunipandishia sauti tangu nianze kazi, na siku zote nimemhesabu kuwa mtu wangu.

"Tuseme nini, binti yangu?"

"Tuseme kivuko hakisubiri. Wasikae, waende moja kwa moja, wakae karibu na kizuizi. Hata wachache wakiwahi si haba."

Aliegemea kiti. "Tukisema hivyo tumekiri kwamba ratiba ina kasoro."

"Si ina kasoro?"

"Ina kasoro ya kivuko. Kivuko ndicho kilichobadili saa. Waseme wao."

Nilipomweleza mume wangu alicheka, jambo la nadra. Kwao wanasema treni ndiyo inayochelewa, waseme watu wa treni.

17 Machi

Koo linaniuma. Nimetangaza hivyo hivyo.

20 Machi

Shangazi amepiga simu kutoka ng'ambo. Baba ameruhusiwa hospitali. Nilianza kushukuru, akanikatiza. "Wamesema tumrudishe nyumbani apumzike," alisema, na mimi si mtoto, naijua maana yake.

23 Machi

Siku yangu ya mapumziko. Nimevuka asubuhi, nikarudi alasiri. Baba amebaki macho na mikono. Mikono ile ya useremala bado mikubwa, imelala juu ya shuka kama imeazimwa.

Alimtuma shangazi nje, akaniambia anamtaka kaka.

Lazima niliandike jambo hili lote, maana sisi nyumbani hatulisemi. Baba alikuwa fundi milango. Nusu ya milango ya mtaa wetu imetoka mikononi mwake. Alimfundisha kaka kazi tangu akiwa mdogo, na kaka alipokua akaenda kujifunza kuchomelea vyuma, akarudi, akafungua karakana yake mtaa uleule. Watu wakaacha mbao, wakataka milango ya chuma. Baba alivumilia, mpaka siku alipomkuta jirani wa ukuta mmoja anang'oa mlango wake wa mbao na kaka anapachika wa chuma. Alimwambia mbele ya watu: "Siku nikifa, mkono wako usiguse jeneza langu." Kaka alifunga karakana, akahamia kule mwisho wa reli. Hawajaonana tena.

"Nimpigie sasa hivi umwambie?" nilimuuliza.

"Neno lile nilimwambia machoni," Baba alisema. "Kulifuta nitalifuta machoni. Si kwenye kidude hicho."

"Basi niambie mimi, nimpelekee."

"Wewe nilikukataza nini?"

Ubishi ule haujaugua hata kidogo.

24 Machi

Nimempigia kaka. Amesema atakuja akimaliza kazi aliyonayo, mageti ya shule fulani. Nimemwambia Baba hangoji mageti. Akasema, "Mdogo wangu, mtu aliyenifukuza mbele ya mtaa ananiita kwa siri?" Nilimkatia simu. Wanaume wa nyumba yetu wamerithishana ukaidi, wa mbao na wa chuma.

27 Machi

Mvua usiku na mchana. Choo cha stesheni kimefurika.

30 Machi

Kaka amepiga mwenyewe. Atapanda treni ya tarehe tano na kufika jioni yake. Hakuomba radhi, wala sikumdai. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalia kidogo, kisha nikaenda kazini kuwaambia watu kivuko kinawasubiri.

2 Aprili

Nimeomba ruhusa nikakae na Baba. Mkuu alisikitika vizuri sana. Halafu akauliza, "Na nani atatangaza?"

Nilisema wiki moja tu, hata karani wa tiketi anajua kusoma.

"Yule ana sauti ya mtu aliyeamshwa. Wewe, binti yangu, sauti yako ndiyo stesheni yenyewe." Akafungua kabati, akatoa mashine ya kurekodia waliyoletewa mwaka jana na ambayo haijawahi kutumika. Nirekodi matangazo yote leo, niondoke kesho na baraka zake. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya ruhusa, ingawa hakuitaja hivyo.

Nikarekodi. Ile karatasi nilitaka kuibadilisha, nikasema, "Abiria mnaoendelea ng'ambo, kivuko hakitawasubiri." Mkuu alibonyeza kitufe, akafuta, akatabasamu. "Kama ilivyoandikwa." Nilikuwa na haraka ya kufunga mzigo. Nikasoma kama ilivyoandikwa, tena vizuri, kwa ile sauti yangu ya upole ambayo watu huisifu.

3 Aprili

Kabla ya kuvuka nimemwomba Bwana Geti amsubiri kaka keshokutwa. Mara moja tu katika maisha yetu. Nilidhani atanipa hotuba ya sheria. Badala yake alikaa akishika viatu vyake.

"Mwaka juzi niliisubiri treni yenu," alisema. "Sikukwambia. Nilishikilia geti mpaka wakaingia wote, tukaondoka giza limeshaingia. Upepo ukatukuta katikati. Tulizunguka majini mpaka watu wakaanza kuagana. Kuna mwanamke alinipa mtoto wake nimshike, akaniambia, wewe unaonekana una nguvu."

Siku ile nakumbuka alirudi akasema amechoka, nami nikanuna kwamba chakula kimepoa.

"Kwa hiyo hutamsubiri."

"Nitaona," alisema. Kwa mtu kama yeye nikaihesabu kuwa hapana.

Nimempigia kaka pia, nikampa maelekezo yote: akishuka asikae, akimbilie kwenye kizuizi, injini ikipita aende moja kwa moja getini, shemeji yake yuko pale. Akarudia neno kwa neno. Amesema simu yake haikai na chaji, nisihangaike nikimkosa njiani.

5 Aprili

Naandika ng'ambo, chumbani kwa Baba, shangazi akiwa jikoni.

Asubuhi Baba aliamka na nguvu ambazo sikuzitegemea. Aliomba anyolewe ndevu. Aliomba lile shati la mistari. Tulimweka mito mgongoni akakaa wima akiutazama mlango, na kwa kuwa alitengeneza mlango ule mwenyewe aliona bawaba moja imelegea, akatusimanga nayo mpaka adhuhuri. Shangazi alicheka. Nami nilicheka. Nilijua nguvu kama hizi zinatoka wapi, lakini nilisema moyoni, jioni tu, mwache afike jioni.

Alasiri mvua ilikuja kwa mkupuo. Nilimpigia kaka, simu imezimwa. Nilijua itakuwa hivyo, alishaniambia, lakini nilipiga tena na tena kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Saa ya chombo kuondoka ikapita. Kutoka hapa dirishani gati linaonekana, na chombo hakikuonekana kutoka upande wa pili. Nikajua. Nikamwita shangazi, nikamwambia anasubiri, mume wangu anasubiri. Nilihisi haya ya kila neno baya nililowahi kumwambia. Baba aliuliza tunanong'ona nini. Nikamwambia kivuko kimechelewa kidogo, kinamngoja kaka. Baba akanyoosha kola ya shati.

Chombo kilipotokea kikawa kinapanda na kushuka vibaya. Nilikimbia gatini bila mwavuli. Walishuka watu wamelowa, wengine wanatapika, wanamtukana mtu wa geti kwa kuwachelewesha. Nilitazama kila uso. Nilingoja mpaka mabaharia wakaanza kufunga kamba. Mmoja wao, ananifahamu, akaniambia: "Shemeji, mzee wako leo karibu apigane na nahodha. Amelikumbatia geti kabisa. Mtu wenu hakutokea."

Nilirudi polepole. Sikutaka kufika. Baba alikuwa bado wima, macho mlangoni, na mlango ulipofunguka nikaingia mimi.

"Yuko wapi?"

"Treni imeharibika njiani, Baba. Atakuja na chombo cha asubuhi." Nilisema kwa sauti yangu ya kazini. Sikuwa na nyingine.

"Niondoleeni mito," alisema.

6 Aprili

Baba amefariki alfajiri. Shangazi alikuwa amemshika mkono mmoja, mimi mwingine.

Kaka alifika na chombo cha asubuhi. Nilimpokea gatini, na kabla sijafungua mdomo aliona kichwani mwangu kitambaa cha msiba. Aliweka begi chini. Hakulia. Nikamuuliza, ndiyo, pale pale, kwa hasira ambayo ilikuwa imekaa usiku kucha ikimngoja: "Ulikuwa wapi? Mume wangu amekushikia geti, ulikuwa wapi?"

Alinishangaa. "Stesheni," alisema. "Nilikaa. Si wewe ulisema nikae?"

"Nilikwambia usikae. Nilikwambia ukimbie."

"Kwenye simu, ndiyo. Nilishuka nikaanza kwenda kwenye kizuizi. Halafu nikakusikia kwenye spika. Ukasema tukae, tutaitwa, kivuko kinatusubiri. Nikajua umerudi kazini, umeshapanga na shemeji. Nikakaa mbele kabisa, karibu na mlango, ili ukiita niwe wa kwanza."

Niliwaza kila kitu siku ile: injini, kizuizi, simu, mvua, ukali wa mume wangu. Sauti yangu sikuiwaza. Nimeisema kauli ile mara nyingi mno hata haikunijia kwamba kuna mtu anaisikiliza, sembuse mtu atakayeitambua ni ya nani.

"Nilikaa mpaka wakazima taa," kaka alisema. "Nilisema, mdogo wangu hawezi kunisahau."

7 Aprili

Mazishi. Kaka aliniuliza uani, wanaume wakiwa wameshasimama kubeba: "Alisema nini kuhusu lile neno?"

"Alitaka kulifuta."

"Alilifuta?"

"Alisema atakwambia mwenyewe."

"Basi hakulifuta."

Nilimwambia nia ya mtu inatosha, nikamwapia, nikamwita shangazi naye akamwapia. Alitusikiliza kwa heshima. Jeneza lilipopita mbele yake aliweka mikono nyuma, akaifumbata. Majirani waliona. Wapo walionong'ona kwamba hata siku hii mwana ameleta kiburi, na sikuwa na nguvu ya kumfuata kila mmoja kumweleza.

8 Aprili

Shangazi amelala kutwa. Kaka ameikaza ile bawaba.

10 Aprili

Tumevuka pamoja, kaka na mimi. Bwana Geti hakuwepo getini. Nilimkuta kwenye kamba, pamoja na vijana, amelowa mpaka kiunoni. Wamemshusha cheo kwa kuchelewesha chombo na kuhatarisha abiria, na getini wamemweka mtu anayefunga kwa saa ya mkononi. Alimpa kaka pole, akamshika bega. Hakumuuliza kwa nini hakutokea. Mpaka sasa hajaniuliza hata mimi. Nilimweleza mwenyewe nyumbani, akasema, "Njoo ule."

Nilimsindikiza kaka kupanda treni. Ilipokaribia kuondoka spika ikawatakia abiria safari njema. Kaka aliinua macho kwenye spika, akayashusha kwangu, mdomo wangu umefungwa. Akapanda bila kuaga.

12 Aprili

Nimemwambia Mkuu aifute. Nimemweleza yote, na machozi yalinitoka, jambo nililoapa halitatokea. Alinipa leso. Alisema msiba ni mzito. Alisema pia kwamba makao makuu wamependezwa na mashine, wanataka stesheni nyingine zichukue matangazo yaleyale, na kufuta kunahitaji kibali.

"Lakini ni sauti yangu."

"Ilikuwa yako, binti yangu. Sasa ni ya Reli."

Nimehamishiwa dirisha la kuulizia. Uso wake ulikuwa wa upole mwanzo hadi mwisho. Upole ule nilioupenda miaka yote, leo ndiyo nimeuona kuwa ni njia yake ya kukaa mbali na mvua.

21 Aprili

Leo, treni ilipoingia, nilitoka dirishani nikasimama kwenye mlango wa chumba cha kusubiri. Nikawaambia watu: msikae, hakuna atakayewaita, nendeni. Juu ya kichwa changu spika ikawaambia wakae. Waliitazama spika, wakanitazama mimi, mwanamke mwenye kitambaa cha msiba anayepaza sauti. Mwanamume mmoja aliyebeba cherehani akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelewesha mgonjwa: "Dada, wenyewe wamesema tusubiri."

Wakaketi.

22 Aprili

Nimesimama tena. Mama mmoja mwenye mtoto amenisikiliza, akaenda. Mtu mpya wa geti alikuwa ameshafunga.

2 Mei

Bwana Geti ana kikohozi cha maji. Nimempikia uji, nikamkanda mgongo. Amesema kazi ya kamba si mbaya, angalau kamba haina komeo.

19 Mei

Mvua zimekwisha. Kivuko kimerudi kwenye saa yake ya kiangazi, na leo nusu ya watu wa treni wamewahi. Mkuu alipita dirishani kwangu akisugua mikono. "Unaona? Sasa inaunganisha."

Nimempigia kaka kumwambia kwamba arobaini ya Baba imepita salama na shangazi hajambo. Simu iliita mpaka ikakatika. Nilipiga tena, ikakatwa. Kisha ujumbe ukaingia: "Mdogo wangu, niandikie tu. Sauti yako bado siiwezi."

Nikaandika: "Sawa, kaka."

Treni ya jioni ilikuwa inasimama. Nilifunga dirisha langu, nikavuta na pazia. Bado nilikuwa nasikika kule nje, nikiwaambia watu wakae.